Mle Toshka

Kila bwawa kubwa linapojengwa, popote duniani, sentensi moja hujitokeza magazetini: kijiji kimezama. Kitenzi hicho kinanikera. Kuzama ni tendo la anayezama mwenyewe. Jua huzama, jahazi huzama, mtu huzama katika fikra. Ukiandika kwamba kijiji kimezama, umekiacha peke yake na maji. Hayupo aliyechora ramani, hayupo aliyetia saini, hayupo aliyefunga malango ya mto. Na lugha hiihii imetupa, katika mzizi huohuo, njia ya kusema kweli: zama, zamisha, zamishwa. Viambishi vinaongezeka, na pamoja navyo anaingia mtendaji. Anayesoma "kilizamishwa" hawezi kulikwepa swali la "na nani".

Nina kijiji kimoja akilini, na mwanamuziki mmoja aliyezaliwa humo mwaka 1929. Kijiji kinaitwa Toshka, katika Nubia ya Misri, kusini mwa Aswan. Mwanamuziki ni Hamza El Din, aliyefariki mwaka 2006 huko Berkeley, Marekani. Ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan ulianza mwaka 1960. Maji yakaanza kujaa nyuma ya ukuta mwaka 1964. Kazi yote ikakamilika mwaka 1970. Leo ziwa lililotokea lina urefu wa takriban kilomita 500, na kipande chake cha kusini kinaingia Sudan. Misri waliliita Ziwa Nasser, kwa jina la rais aliyelijenga. Sudan waliita kipande chao Ziwa Nubia. Maji ni yaleyale. Jina la kaskazini linamtaja aliyezamisha, jina la kusini linataja kilichozamishwa, na ukiyaweka pamoja unapata sentensi kamili.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu neno. Msomaji wa Nairobi au Kampala akisikia "Mnubi" humfikiria jirani yake wa Kibera au wa Bombo, kizazi cha askari walioletwa kutoka Sudan zama za ukoloni, wenye lugha yao, Kinubi, iliyochipuka kutoka Kiarabu. Watu wa Toshka ni wengine. Lugha yao haina asili ya Kiarabu hata kidogo. Ilikuwa ikiandikwa tangu karne ya 8 kwa herufi zilizotokana na Kigiriki na Kikoptiki, katika falme za Kikristo za mtoni. Nashauri tuwaite Wanubia, lugha yao tuiite Kinubia, na tuwaachie Wanubi wa Kibera jina lao wenyewe. Herufi moja inatosha kuwatenganisha watu ambao kila mmoja ana historia nzito ya kutosha bila kubebeshwa ya mwenzake.

Sasa bwawa. Kiswahili kinalitumia neno hili kwa ukuta na kwa maji yaliyozuiwa na ukuta. Tunasema bwawa limepasuka, tukimaanisha ukuta. Tunasema bwawa limejaa, tukimaanisha maji. Tunakula samaki wa bwawani. Lambo tunalo pia, ila hilo tumeliachia mifugo na mashamba madogo. Kiarabu cha Misri kimetenganisha, na namna kilivyotenganisha inafundisha. Bwawa la kwanza la Aswan, lililojengwa na Waingereza kati ya mwaka 1898 na 1902, linaitwa khazzan, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi neno hazina: mahali pa kuweka akiba. Bwawa Kuu linaitwa sadd, yaani kizuizi. La kwanza limepewa jina kwa kile linachotunza, la pili kwa kile linachofanya. Mnubia aliyeishi muda mrefu aliyajua yote mawili mwilini. Khazzan ilipomalizika mwaka 1902, maji yalipanda. Ilipoinuliwa mara ya kwanza, mwaka 1912, yakapanda tena. Ilipoinuliwa mara ya pili, mwaka 1933, yakapanda zaidi. Kila mara watu walijenga upya juu zaidi kwenye kilima, mashamba yakapungua, na wanaume wakaenda Cairo na Aleksandria kuwa wapishi na walinzi wa milango. Riwaya ya Muhammad Khalil Qasim ya mwaka 1968, Al-Shamandura, yaani boya, inasimulia mafuriko yale ya 1933. Mwaka 1964 kilima cha kukimbilia hakikuwepo.

Serikali ilihitaji neno la kuita uhamisho uliofuata. Wanubia wenyewe wanauita tahjir. Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi ya Kiarabu, maana mzizi anao: hijra, kuhajiri, mwaka wa Hijiria. Hijra ni kuhama kwa mwenye kuhama. Tahjir ni kuhamishwa. Kiarabu kimefanya ndani ya neno kile ambacho sisi tunakifanya kwa -isha na -wa, na watu wa Nubia wakaishika kauli hiyo kwa nguvu, kwa sababu walijua tofauti yake. Msomaji wa Tanzania mwenye umri wa kukumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 anaijua pia. Kuna waliohamia na kuna waliohamishwa, na katika familia nyingi mazungumzo juu ya miaka ile hadi leo yanageukia kitenzi kipi kitatumika.

Kwa mawe neno lilikuwa tofauti. Mwaka 1960 UNESCO ilitoa wito kwa dunia, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande kati ya mwaka 1964 na 1968, yakapandishwa kiasi cha meta 65 juu ya mahali pake pa zamani. Kazi hiyo iliitwa uokoaji. Ilistahili jina hilo. Wahandisi na mafundi walifanya ajabu ambayo mtu anaweza kwenda kuitazama hata leo. Lakini katika miaka hiyohiyo watu wapatao 50,000 upande wa Misri, na wengine wanaokaribia idadi hiyo upande wa Sudan, waliondolewa kwenye mto, na hakuna aliyesema wameokolewa. Walipewa "makazi mapya". Wale wa Misri, waliokuwa wametanda kando ya Nile kwa zaidi ya kilomita 300, walikusanywa Kom Ombo, kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Aswan, katika nyumba za saruji zilizopangwa mistari, mbali na kingo za mto. Nyingi hazikuwa zimemalizika. Watoto wachanga na wazee wengi walikufa mwaka wa kwanza. Wale wa Wadi Halfa, upande wa Sudan, walipelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka kwao, kwenye mvua ambazo nyumba na desturi zao hazikuzijua. Waliondoka baada ya kuzuru makaburi, maana makaburi hayakuwa na mahali kwenye treni.

Lugha ya Wanubia wa Toshka na vijiji jirani ina neno irki. Linamaanisha kijiji na linamaanisha nchi ya mtu, kwa pamoja, bila kuchagua. Neno letu, kijiji, ni mji uliopunguzwa kwa ki-. Ni neno la sensa na la mwenyekiti wa serikali ya kijiji. Ukitaka kuikaribia irki kwa Kiswahili acha nomino kabisa, useme "kwetu". Kwetu haina ukubwa wala mpaka; ina wenyewe tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuhamishwa kutoka kijijini kwa lori, na bado "kwetu" ikabaki pale ilipokuwa, hata pakiwa na makumi ya meta za maji juu yake.

Hamza El Din alisomea uhandisi wa umeme Cairo na kufanya kazi katika shirika la reli. Alipopata habari za bwawa alielewa mapema kuliko wengi maana yake, akaanza kwenda kijiji hadi kijiji Nubia, akikusanya nyimbo na kuwaambia watu kinachokuja. Ala moja ya Wanubia ni tari, duara la mbao lililowambwa ngozi, na jina lake ni lilelile la tari la maulidi zetu. Ala nyingine ya kwao ni kisir, ya nyuzi tano, ndugu wa nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Ukiufuata Nile kutoka Nubia hadi Ziwa Viktoria utakutana na ukoo huu wa ala karibu kila mahali. Udi haukuwa wa Nubia. Ulikuwa wa Cairo, wa Waarabu, na Hamza aliusoma mjini kama wengine wote, kisha akaenda Roma kusoma zaidi. Alichokifanya baadaye ndicho kinachonifanya niandike: aliulazimisha udi useme Kinubia. Aliuondolea mapambo ya Cairo, akauachia mapigo ya tari na nafasi tupu kati ya sauti moja na nyingine.

Mwaka 1964, maji yalipokuwa yakipanda, alikuwa Marekani, akipiga kwenye tamasha la Newport. Baadaye alikwenda kuwaona watu wake kule walikohamishiwa. Amesimulia kwamba aliona upotevu machoni mwao, na kwamba aliporudi alijikuta naye amepotea, anakaa na udi akirudia kirai kimoja tu cha muziki, tena na tena. Kirai hicho kilikuwa gurudumu la maji. Sahani ya santuri ilitoka mwaka 1971 na jina lake likiwa Escalay, neno la Kinubia la gurudumu hilo, na kipande chenyewe kinachukua takriban dakika 20.

Inafaa kueleza mashine yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatujaiona. Waarabu huiita saqiya. Fahali anatembea kwa mzunguko akiwa amefungwa kwenye mti. Mti unazungusha gurudumu la ulalo lenye meno. Meno hayo yanasukuma gurudumu la wima lililofungwa kamba ndefu yenye vyungu vya udongo. Vyungu vinashuka vikiwa vitupu, vinateka mtoni, vinapanda vimejaa, vinamwaga kwenye mfereji, vinarudi. Mbao zinasuguana na kulia muda wote, mchana na pengine usiku kucha, na mtoto anakaa juu ya mti akimwongoza fahali. Kijiji kilimiliki gurudumu kwa hisa: huyu ana sehemu yake, yule ana fahali, mwingine ana ardhi inayonyweshwa. Nubia karibu haipati mvua. Maji mengi yaliyofika kwenye mtende au ngano yalipandishwa na mbao hizo, kwa hiyo mlio wake ulikuwa mlio wa chakula.

Sikiliza kipande hicho ukiwa na sarufi ya Kiswahili kichwani na utagundua kiko katika hu-. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili. Kiambishi hu- ni cha ajabu miongoni mwa viambishi vyetu: hakikubali nafsi, hakikubali ngeli, hakikubali wakati. Mimi huteka, wao huteka, chungu huteka. Methali zinakipenda kwa sababu hiyo; haba na haba hujaza kibaba, na hakuna anayeuliza kibaba kilijaa lini. Anayeomboleza kijiji hutumia -li-: gurudumu lilizunguka, fahali alitembea, mama aliita. Kila -li- ni jiwe juu ya kaburi. Hamza hakupiga hivyo. Kipande kinaanza taratibu, fahali bado mzito, kirai kinarudi, kinaongezwa kidogo, kinarudi, mwendo unakaza, sauti ya mtu inaingia na kutoka, na wakati wote gurudumu huzunguka. Msikilizaji haambiwi kwamba hapo palikuwa na kijiji. Anawekwa juu ya mti, nyuma ya fahali, alfajiri, na kazi inaendelea.

Nimejaribu kutafuta istilahi ya sanaa ya namna hii, na maneno yaliyo karibu yote yana tatizo. Tanzia ni taarifa ya kifo. Mbolezi, neno zuri la kale linalostahili kurudishwa, ni nyimbo za matangani, zinamtaka marehemu. Kumbukumbu imechukuliwa na sanamu za viwanja na majina ya barabara. "Kukibuni upya kijiji" ni hatari, kwa kuwa habari za kubuni ni habari za uongo, na watu wa Nubia wameambiwa ya kutosha kwamba kwao ni hadithi. "Kukijenga upya" ni maneno ya wizara. Neno linalobaki mkononi mwangu ni kusawiri. Wahakiki wetu wa fasihi wameligeuza kuwa la darasani, usawiri wa wahusika na usawiri wa mandhari, lakini mzizi wake ni wa kutia sura: kukifanya kitu kionekane kwa aliyekuwa hakioni. Linafaa kwa mchoraji na linafaa kwa mpiga udi. Na halidai kwamba kitu kimekufa wala kwamba kimefufuka. Hamza El Din aliisawiri Toshka, nami ningependa kitenzi hicho kitumike kwa kazi zote za aina hii, ziwe za rangi, za nyuzi au za filamu.

Lipo jambo jingine ambalo sarufi yetu inalijua. Tuna mahali pa namna tatu. Pale ni mahali panapojulikana, unaweza kunyoosha kidole. Kule ni mbali, hakuna mipaka. Mle ni ndani. Hadi mwaka 1964 mtu wa Toshka aliyekuwa Cairo angeweza kusema "pale Toshka, penye mtende wa shangazi". Kwa hadhira ya Newport ilikuwa "kule Toshka", kule kwa Afrika yote. Baada ya maji imekuwa "mle Toshka". Mahali palepale pamebadilisha ngeli. Na Wanubia walikuwa tayari na watu wa mle: katika imani zao wapo aman nutto, watu wa mtoni, wanaoishi chini ya maji katika vijiji vyao, ambao mama aliyejifungua na bibi harusi walikuwa wakiwapelekea heshima ukingoni. Mswahili wa pwani aliyekua na habari za wenyewe wa baharini hawezi kulishangaa hilo. Mto ulikuwa na wakazi kabla ya bwawa. Bwawa liliwaongezea majirani.

Jina lenyewe la Toshka nalo limetembea. Vijiji vipya vya Kom Ombo vilipewa majina yaleyale ya zamani, kwa hiyo leo kuna Toshka ya saruji ambako mjukuu anazaliwa. Kisha ikaja Toshka ya wahandisi, mradi mkubwa wa kumwagilia jangwa uliozinduliwa mwaka 1997. Kisha, miaka hiyohiyo, ziwa lilipofurika, maji ya ziada yakapita kwenye mfereji wa kupunguzia mafuriko na kutengeneza maziwa mapya jangwani, nayo yakaitwa Maziwa ya Toshka. Kijiji kilichofunikwa na ziwa kimekuwa jina la maziwa. Mwandishi akiandika "Toshka" peke yake leo hajasema kitu. Lazima aseme hapa, kule au mle.

Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet lilitoa albamu iitwayo Pieces of Africa, na Escalay ikiwemo, tari limeungana na fidla. Albamu hiyohiyo ina kipande cha Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda. Sijui kama kuna aliyekusudia kuweka ncha mbili za mto kwenye sahani moja, lakini ndivyo ilivyo. Kule Jinja, ambako Waganda na Wasoga huuita mto Kiyira, Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 lilizamisha Maporomoko ya Ripon, na Misri ilichangia gharama ili ziwa letu la Viktoria liwe akiba yake. Sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan hutoka Ethiopia, lakini sehemu yake inatoka kwetu, na baadhi ya yaliyo juu ya paa za Toshka yalipita Jinja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa vikundi vya taarab vya Unguja: udi mnao, fidla mnazo, tari mnalo, na elimu ya Cairo ilifika kwenu tangu zama za masultani. Kipigeni kipande cha Escalay, mkisawiri kwa Kiswahili kile alichokisawiri Hamza kwa Kinubia. La pili ni kwa watunga kamusi. "Gurudumu la maji" ni jina la kifundi, na saqiya tayari ina wenyewe. Pokeeni neno la Toshka jinsi babu zetu walivyopokea udi na tari. Kidahizo napendekeza kiwe hivi:

eskalei *nm* [i-/zi-] 1. gurudumu la mbao lenye vyungu, linalozungushwa na fahali ili kupandisha maji kutoka mtoni hadi shambani, hasa Nubia: *Eskalei yetu hunywesha mitende ya shangazi.* 2. mtindo wa kupiga udi kwa kurudia kirai kimoja huku mwendo ukikaza: *Alipiga eskalei hadi alfajiri.*